Gobore Lililofunzwa Kulenga

Nilipokosa mara ya kwanza, nyani hakukimbia. Wenzake walitawanyika, wakaparamia miti ya kando ya mto, lakini yule dume mkubwa aligeuka akanitazama kama mteja anavyomtazama fundi anayemwambia "njoo kesho" wiki ya tatu mfululizo. Halafu akavunja hindi jingine, akalimenya polepole. Moshi wa baruti ulikuwa bado umenizunguka, macho yananiwasha, bega linauma, na ng'ambo ya mpaka, kwenye shamba la jirani, nikasikia mtu anapiga makofi.

"Mtani! Mtani wangu! Safari nyingine ukitaka kupiga niambie mapema, nije nisimame karibu na nyani. Naona ndiko kwenye usalama."

Huyo ni Mngoni, mstaafu wa mashamba ya miwa, aliyepata ardhi kijijini kwetu Idete, kando ya shamba la mama yangu miaka mingi iliyopita. Sisi ni Wandamba. Wangoni ni watani zetu tangu vita vya mababu, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, mahali popote, hata msibani. Mtu aliyelelewa vizuri anajua la kufanya: unamrudishia, mnacheka, yameisha. Jibu nilikuwa nalo, kila Mndamba analo. Ningemwambia tu, "Kachimbe panya wako wa kula huko, Mngoni wee!" Lakini siku ile ulimi uligoma. Nilikuwa nimekaa mjini mno, mahali ambapo mtu akikucheka ujue anakucheka kweli. Nikanuna. Mtu mzima, fundi mwenye duka lake, nikamnunia mtani!

Haya ninayoyasema si ungamo, maana hakuna mtu Idete asiyeyajua. Nayasema kwa sababu kila nikikaa kwenye cherehani yananirudia, na yakinirudia uso unaniwaka moto hata kama niko peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Viwanja Sitini, Ifakara, chumba kimoja na kibaraza. Baba alipofariki aliacha nyumba, shamba na gobore, ile bunduki ya zamani ya kushindiliwa kwa mbele: unamimina baruti mdomoni, unaweka kizibo, unaweka risasi ya mviringo, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, kisha unavisha fataki pale nyundo inapogonga. Kibali chake cha kulinda shamba nilikihangaikia mimi, nikapanda na kushuka maofisini mpaka soli zikaisha. Nikawa mmiliki halali wa kitu ambacho sikuwahi kukifyatua hata mara moja.

Mwaka uliotangulia nyani walikuwa wamemaliza mahindi ya mama. Si kupunguza, kumaliza. Dada yangu, mkubwa wetu, anayeishi mjini kama mimi, akasema basi, imetosha: mwaka huu yakiliwa tena, mama anahamia Ifakara kwake, shamba likodishwe. Mama hakutaka hata kusikia. "Nikakae mjini nifanye nini? Nitazame bajaji zinavyopita?" Ndipo mimi, kwa mdomo wangu, simu ikiwa kwenye spika na dada anasikia, nikasema, "Mama, hutahama. Mwaka huu nakuja mwenyewe kulinda." Mama akasema, "Mungu akubariki, baba." Mama huniita baba anapofurahi sana.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Mama kubaki kwenye nyumba yake kulitegemea mahindi yale, na mahindi yale yalinitegemea mimi. Nikafunga duka yalipoanza kukomaa, nikaenda.

Nyani wa kwetu hawamwogopi mwanamke. Si tusi, ndivyo walivyo, na kila mwanamke mkulima wa bondeni atakuambia. Mwanamke atapiga debe, atapiga kelele, atarusha mawe. Wao watamtazama, wengine watamgeuzia makalio, na kula kunaendelea. Lakini wakiona mwanamume, hasa mwenye kitu begani, wanaondoka. Ndiyo maana mama alihitaji mwanamume wa kushinda shambani. Hakuhitaji mwindaji.

Aliniambia hivyo siku ile ile niliyokosa, tukiwa tunakula ugali na perege.

"Si walikimbia?"

"Yule dume hakukimbia, mama."

"Yule mmoja atakula mahindi mangapi? Mwache ashibe. Baba yako naye alikuwa anakosa. Miaka yote ile sikumbuki kama alimpata hata mmoja. Yeye kazi yake ilikuwa kuzunguka. Sasa hivi yuko kona hii, baadaye kona ile, nyani hawajui atatokea wapi. Zunguka tu, baba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitikisa kichwa, nikaendelea kula, na moyoni nasema, baba alikuwa anakosa kwa sababu hakujua kwa nini anakosa.

Labda ningetulia kama si mashine ya kukoboa. Nilipeleka mpunga siku chache baadaye, nikamkuta mtani ameshakusanya watu. Aliponiona hakunyamaza, aliongeza. Alishika ufagio kama bunduki, akafumba macho kwa nguvu, akageuza uso pembeni kama anakunywa dawa chungu, akatetemeka magoti, kisha "Paaa!", akaanguka chali. Watu wakafa kwa kicheko. Mama alikuwepo, naye alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Babu zangu waliwateka hawa kwa mikuki tu," mtani akawaambia watu, bado amelala chini. "Wengine wanasema Wandamba hawakuwa na bunduki. Walikuwa nazo! Ila walipiga hivi hivi."

Nami nilicheka, meno tu. Alinitoa nishai mbele ya kijiji kizima, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nafumba macho. Nikarudi nyumbani nimebeba mchele na hasira, na tangu hapo sikumfikiria tena mama wala mahindi. Nilimfikiria Mngoni na yule dume.

Nikaanza na risasi yenyewe. Nikaidumbukiza moja kwenye mtutu mtupu, ikabingirika mpaka chini. Nikainamisha mtutu, ikatoka yenyewe. Ilikuwa imelegea. Baba alikuwa anaweka maganda makavu ya mahindi kuizuia isidondoke, basi. Ukiwa fundi jambo hili unaliona mara moja: nguo iliyopwaya inazunguka mwilini. Gobore halina mikato ndani ya mtutu ya kuizungusha risasi inyooke. Ndani ni laini kama bomba la maji. Risasi iliyopwaya inakwenda inagonga huku, inagonga kule, na ikitoka inafuata upande ilikogonga mwisho. Kumbe hata ningefumbua macho ningekosa. Nilifarijika sana kulijua hilo, na faraja hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilibidi risasi ivalishwe nguo. Na nani wa kuivalisha kama si mimi? Nilipanda bodaboda mpaka Ifakara, nikarudi na mfuko wa vipande vya vitambaa. Nikachagua pa kufanyia majaribio, machimbo ya udongo wa matofali nyuma ya kijiji, mbali na shamba, ambako kuna ukuta mrefu wa udongo unaomeza risasi bila kumdhuru mtu. Nikasimamisha ubao, nikauchora duara la mkaa ukubwa wa sahani. Gunia la pumba ndilo lilikuwa mto wa kuegemezea mtutu, ili kosa likitokea nijue ni la bunduki, si la mikono yangu.

Tetroni iliyeyuka ikaganda ndani, nikashinda nusu siku nakwangua. Kanga ilikuwa nyepesi, ikaungua kabla ya kutoka. Jinzi ilikuwa nene, mdeki ukakwama katikati na mimi nimeung'ang'ania natokwa jasho kama ninayekamua ng'ombe dume. Kilichokubali ni kitambaa cha mistari cha godoro la pamba la zamani. Nikakikata viduara, nikakipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya alizeti, nikaiweka risasi katikati na kuishindilia taratibu. Iliingia kwa kubana kidogo, kama kitufe kwenye tundu jipya. Jamani, nilitabasamu peke yangu.

Baada ya kila mlio nilikwenda kuokota vile viduara chini, nikavisoma. Kilichotoka kizima, chenye doa jeusi katikati tu, kilikuwa kizuri. Vingine vilitoka vimechanika pembeni, nikagundua ukingo wa mdomo wa mtutu ulikuwa mkali. Nikausugua kwa msasa kidogo kidogo mpaka ukawa laini. Risasi niliziyeyusha upya kutoka kwenye vizamishi vya madini ya risasi vya nyavu chakavu za mjomba, nikazimimina kwenye kalibu ya baba. Yenye mkunjo au shimo nilirudisha sufuriani. Palipobaki kikonyo cha kumiminia nilipaelekeza juu, katikati, ili kisivute upande. Baruti ambayo baba alikuwa anamimina kwa kukadiria kiganjani, mimi nilipima kwa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano. Nikapunguza, nikapunguza tena, na kadiri bega lilivyopumzika ndivyo matundu kwenye ubao yalivyosogeleana. Kila nilipopiga nilipitisha kitambaa chenye unyevu ndani, kutoa masizi, maana mtutu mchafu haupigi mara mbili sawa. Na macho nikayafunza kwa kufyatua fataki tupu, bila baruti, tena na tena, mpaka kope zikakoma kushtuka.

Unaona ninavyoyasema? Mpaka leo nikiyaeleza nasahau kuona aibu. Nilikuwa na furaha. Shamba la mama lilikuwa upande wa pili wa kijiji na mimi nilikuwa na furaha machimboni, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kosa lenyewe.

Mwanzoni nilikuwa naaga vizuri. "Mama, nakwenda mara moja tu." Naye anasema, "Haya, nitakaa mimi, usikawie." Lakini gobore si kitu cha mara moja. Kupakia, kupiga, kwenda ubaoni, kuokota vitambaa, kusafisha, kupakia tena. Jua linahama hujui. Nikaanza kuondoka asubuhi na kurudi mchana. Mama akauliza siku moja tu, "Leo hutazunguka kidogo kwanza?" Nikamjibu, tena kwa ukali, "Mama, nikimaliza hii kazi nyani watakuwa hawarudi kabisa. Nivumilie." Hakuuliza tena.

Ninachojua sasa, na ambacho mtoto yeyote wa bondeni angeniambia kama ningemuuliza, ni kwamba nyani si wajinga. Mlio wa gobore unasikika mbali. Walikuwa wanausikia unatoka machimboni, asubuhi baada ya asubuhi. Mimi nilikuwa nawatangazia kwamba mwenye bunduki yuko kule, shamba lina bibi peke yake.

Siku yenyewe nilipiga kama sijawahi. Matundu yote yalikuwa ndani ya duara la mkaa, mengine yamegusana. Nilisimama mbele ya ubao nikaupapasa kwa vidole. Nikainua kichwa nikamwona mtani anakuja kwa miguu kupitia machimboni, anatembea haraka kuliko kawaida yake. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo!

"Njoo, Mngoni! Njoo uone! Leta na mikuki ya babu zako! Simama karibu na nyani sasa, tuone!"

Alifika, akautazama ubao. Aliutazama vizuri, hata akaweka kidole kwenye tundu moja. Nikasubiri utani, nilikuwa na majibu tele. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, lakini kwa utani sikuwahi kumpa shikamoo wala yeye hakuwahi kuniita jina lolote la heshima.

"Mwanangu," akasema, "nenda shambani kwa mama yako."

Basi. Hakucheka, hakuongeza. Nilikwenda mbio na gobore mkononi, nalo lilikuwa limeshapakiwa, risasi nzuri kuliko zote, kitambaa kizuri kuliko vyote.

Kwa mbali nilidhani nimemwona baba. Koti la baba la kaki, kofia ya baba, suruali ya baba, mtu anazunguka ukingo wa shamba na kitu begani. Nilipokaribia nikaona kile kitu ni mchi wa kutwangia. Na yule mtu ni mama. Alikuwa amevaa nguo za marehemu ili nyani wamdhanie mwanamume. Alikuwa anajaribu kutembea kwa hatua ndefu kama baba, mkono mmoja umeshika mchi begani, mkono mwingine umeshika kiuno cha suruali isidondoke, na sauti aliyokuwa anaitoa, anaikoroma iwe nzito, ilikuwa imeshakauka. Nyani walikuwa kundi zima. Wengine walikuwa wanakula nyuma yake, hatua chache tu, wala hawageuki. Yule dume alikuwa amekaa juu ya kichuguu na hindi mkononi.

Nilikuwa na shabaha. Macho wazi, mtutu safi, mkono haukutetemeka. Na sikuweza kumlenga, kwa sababu mama alikuwa katikati, anakwenda na kurudi mbele yake. Nikapiga juu, mawinguni. Wote wakakimbia, dume naye. Wangekimbia hata kwa risasi ya baba iliyozibwa kwa maganda ya mahindi.

Mama aliposikia mlio aligeuka. Alipoona nimemwona alivyovaa, alishtuka, akaanza kuvua koti haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa. "Nilitaka tu kuwatisha kidogo," akasema. "Nilijua unamalizia kazi yako." Nilitazama shamba, mabua yalikuwa yamelala, magunzi yametapakaa chini, na yaliyobaki yamesimama hayakutosha hata mbegu. Akaniuliza, na aliuliza kwa dhati, "Vipi, imekubali kulenga?"

Nikasema ndiyo.

Tulivuna kilichovunika. Dada hakugomba, na ni afadhali angegomba. Alikuja, akakubaliana na mtu wa kulikodi shamba, akamwambia mama ni kwa msimu mmoja tu, apumzike. Mama akaamini, au alijifanya kuamini, siku hizi sina haki ya kusema najua anachowaza. Nilimpakia mizigo yake mimi mwenyewe. Mtani alikuja kumuaga, wakacheka na kutukanana kama kawaida yao. Mimi alinipa mkono na kuniuliza habari za safari.

Sasa mama anaishi kwa dada, na asubuhi nyingine huja dukani kukaa nami. Juzijuzi alikuja na kifurushi chini ya kanga. Akakifungua juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa ile suruali ya baba, imefuliwa na kukunjwa.

"Nipunguzie kiuno," akasema. "Siku ile ilikuwa inanishuka. Mkono mmoja mchi, mkono mmoja suruali, ningekimbiza vipi? Yule dume aliona kabisa, akajua huyu ni bibi kizee tu. Ingenikaa vizuri wangeondoka. Nataka mwakani nikirudi isinisumbue."

Lo! Mimi, fundi. Ningeipunguza jioni moja, hata kwa mkono, sindano na uzi vilikuwa kwenye begi langu muda wote ule, pamoja na viduara vya kitambaa na nta.

Aliyekodi shamba ameshalilima lote mpaka ukingo wa uwanja. Nyumba ya mama ameifanya stoo ya mbolea, na dada amemuongezea mpangaji huyo muda. Mimi najua hayo, nilikuwepo, ila mama hajaambiwa. Nikachukua futi ya shingoni nikampima mama kiuno, nikiwa nimeinama ili asinione uso. Amepungua. Nikafumua, nikakata, nikashona mshono maradufu, nikamtilia na mkanda wa lastiki ndani.

Akaivaa chini ya gauni pale pale, akapandisha gauni, akatembea kwa hatua ndefu mpaka kibarazani na kurudi, watu wa barabarani wakimtazama. Akakimbia kidogo. Akaniuliza kama imekaa.

Nikamwambia imekaa vizuri, mama.